Siku Tulipokula Mradi wa Kukhu

Nakumbuka vizuri siku ile tulipokula mradi, mwanangu. Tuliula na ugali, tukaramba vidole, na aliyeombea chakula ni mimi mwenyewe. Mungu alisikia ile sala, lakini nadhani alikuwa anacheka.

Nakuambia wewe uliyepewa juzi begi na fulana ya kujitolea, kwa sababu naona venye unatembea. Hata mimi nilitembeanga hivyo. Nilikuwa sijafika thelathini, nimetoka tu kujua kuandika pale ngumbaru ya jioni, na kalamu niliiweka kwa nywele hata nikienda kuchota maji, watu wajue.

Wakati huo ushirikiano ulikuja huku kwetu Mayoni. Kaunti ilileta daktari wa mifugo na chanjo, kampuni moja ya chakula cha kuku ikaleta kuku za kutaga, na sisi wa kujitolea tukapewa kazi ya kuchagua boma zenye shida na kuzitembelea kila wiki. Boma ya kwanza ilikuwa ya Kukhu Nekesa, nyanya aliyebaki na wajukuu watatu na hana hata mstari mmoja wa miwa. Alipewa kuku kumi, kila moja na pete ya bati mguuni, na namba juu yake. Watoto wale mayai, mengine yauzwe wapate madaftari. Baada ya miezi kadhaa wakubwa wangekuja kuhesabu. Wakizipata kumi, Kukhu anaendelea, na boma ya pili inapewa kuku zake. Wakizikosa, mradi unatoka kwetu, unapelekwa Matete.

Boma ya pili ilikuwa ya Mama Zuhura, mjane, jirani ya Kukhu. Yeye alikuwa amejenga kibanda tayari. Kuku zake tatu za kienyeji zililala jikoni na yeye, lakini kile kibanda alikifagia kila asubuhi kama chumba cha bibi harusi.

Basi siku ikafika. Nikaambiwa wanakuja wawili: daktari wa kaunti, na mama mkubwa wa kampuni kutoka Nairobi. Sasa mwanangu, wewe ni wa hapa. Mtu atoke Nairobi, aketi kwako, arudi na chai peke yake tumboni? Asubuhi na mapema nikaingia kwa Kukhu.

"Kukhu, nichagulie tatu zilizonona."

"Si ndizo wanakuja kuhesabu?"

"Watahesabu namna gani na njaa?"

"Mama Rispa, hao wanakuja kuona kama nimechunga kuku. Unataka wazipate kwa sufuria?"

"Usiniaibishe, Kukhu. Mgeni usipomchinjia ingokho, kuku mzima, umemfukuza."

Akanyamaza. Mimi nikadhani nimemshinda kwa akili. Haikuwa akili. Mimi ndiye niliyeandika jina lake, na mtu mwenye shida hawezi kumkatalia aliyeshika kalamu. Hilo nimelijua baadaye, na linaniuma mpaka leo kuliko hizo kuku.

Tukachinja tatu. Kujaza pengo, nikaazima zile tatu za Mama Zuhura, na mojawapo ilikuwa jogoo. Nikazifunga kamba ya katani zisitoroke, maana ilishasemwa zamani, kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kisha nikawa mbio mbio, nafundisha watoto wimbo wa kukaribisha wageni, huku nachungulia moto. Pete mbili za zile tulizochinja nilikumbuka kuzitoa. Ya tatu ikaingia sufuriani na mguu wake.

Daktari alifika pamoja na yule mama wa kampuni, akahesabu kwa kidole. "Kumi. Na hii nayo?" Alikuwa anaonyesha jogoo. "Inataganga?"

"Inajaribu, daktari."

Akatazama zile kamba. Akanitazama. Akafungua mdomo kuuliza, lakini wakati huohuo harufu ya mchuzi ikatoka jikoni, na yeye ni Mluhya kama sisi. Akafunga mdomo.

Tukaketi. Daktari akapewa imondo, ile firigisi, kama mwanaume mkubwa wa hapo. Akala, akafurahi, na badala ya kutosheka akasema, "Mama, na ile miguu nipatie. Miguu ndiyo nakulanga sana."

Akatafuna. Kitu kikalia *kra!* kwa meno. Akakitoa, akakipangusa, akakisoma.

"Mama Rispa," akasema polepole, "namba saba anaendelea aje?"

Kabla sijapata uongo mwingine, Mama Zuhura akachungulia kwa ua. "Salaam aleikum, wageni. Samahani. Mama Rispa, kama mmemaliza na jogoo yangu, naomba nirudi nayo."

Mwanangu, nguo ya kuazima haisitiri matako. Methali ndiyo imesema, si mimi.

Mama wa kampuni hakucheka. Alinawa mikono, akatoa karatasi. "Sheria ni kumi," akasema. "Mradi unahama." Mama Zuhura alisikia. Aligeuka tu akaangalia kile kibanda chake kilichofagiwa. Mimi nilitamani ardhi inimeze na kalamu yangu.

Ndipo Kukhu akasimama, mkono kwa kiuno.

"Huyu msichana amekosa. Leo amewapenda nyinyi kuliko wajukuu wangu. Lakini wiki ikiisha yeye atakuja hapa, na mvua ikinyesha atakuja. Nyinyi mnakuja mara moja. Sasa andikeni kuku tatu zimepotea, na muandike pia zimepotelea wapi."

Daktari akaangalia mifupa kwenye sahani yake. Mama wa kampuni akaangalia yake. Yake ilikuwa mingi.

"Labda," akasema, sauti imepungua, "tuandike hesabu itarudiwa."

Wakanipa miezi miwili nirudishe kuku tatu zinazotaga. Kwangu zilikuwa tatu tu. Nilizibeba zote kwa kikapu. Mume wangu alikula sukuma wiki mpaka Krismasi na hakuniuliza swali, alikohoa tu kila akiona sahani. Lakini hesabu iliporudiwa zilikuwa kumi, na Mama Zuhura akapata za kujaza kibanda. Wageni siku hiyo walibeba mkate wao.

Siku niliyompelekea Kukhu zile tatu, alinikalisha kwa stuli akanipa chai na yai moja la kuchemsha.

"Kula," akasema. "Mgeni wa mradi anakula yai. Hali mama yake."

Kwa hivyo mwanangu, sikia. Kaunti ni nzuri, kampuni ni nzuri, wapokee kwa heshima, kwa sababu peke yako huwezi kuleta chanjo. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao. Yule unayemtumikia ni yule utamkuta kesho kwa njia ya kisima, si yule wa gari. Na ukishika kalamu juu ya mtu mnyonge, akinyamaza usifikiri amekubali. Muulize tena, na umpe nafasi ya kukataa.

Mungu abariki miguu yako isichoke kufika kwa Kukhu wako. Abariki mkono wako uandike ukweli hata hesabu ikipungua. Na siku wakubwa wakija, akujalie moyo wa kuwapa chai bila kitu, na uwape ukitabasamu. Amina.