Kilichokuwa nyuma ya seva Siakago

Wueh, ya leo sijawahi kuona.

Leo nimetumwa Siakago kutoa rekodi za joto za mwaka mzima kwenye kompyuta inayoendesha AC za jengo moja la ofisi.

Chumba cha seva kinafaa kuwa baridi kila siku. Lakini rekodi zinaonyesha AC yake inazimwa wiki tatu, inawashwa kidogo, inazimwa tena wiki tatu.

Wiki tatu? Mama yangu anafuga kuku. Nikaanza kushuku.

Nikafungua mlango. Nyuma ya seva, kwenye katoni, kuku amelalia mayai!

Mzee anayetunza jengo, aliyekuwa amenifuata, hata hakushtuka.

"Baridi ingeharibu mayai. Kwani hiyo kompyuta inaweza kuniambia leo ni siku ya ngapi tangu nizime AC?"

Nikaangalia. Ya ishirini, na mayai huanguliwa siku ya ishirini na moja.

Sasa niambieni, AC niwashe saa hii ama ningoje vifaranga watoke kesho?