Ana Miaka 54, Kazini ni Msichana wa Miaka 14

Saa tatu asubuhi, jijini Sevilla, Hispania, Remedios Lobato anavuta kiti, anawasha simu moja kati ya kumi na nane zilizopangwa mezani, na kuwa Alba, msichana wa miaka kumi na minne.

Mwenyewe ana miaka hamsini na minne. Miwani imening'inia shingoni.

Leo ana wageni. Nyuma yake amesimama Íñigo Barrena, wakili wa Lumbre, mtandao wa video fupi unaopendwa na vijana. Pembeni yupo mkaguzi wa serikali, Bi Casilda Ferrán, macho kwenye saa yake.

Sheria ya Ulaya inautaka kila mtandao mkubwa ujipime kila mwaka: mfumo wake unaweza kuidhuru vipi jamii, na umefanya nini kuzuia hayo. Lumbre iliandika kwamba hatari ya wasichana kusukumiwa video za kujinyima chakula ni "ndogo".

Remedios, mpimaji katika maabara inayochunguza ripoti hizo, alikuta mengine. Alba, msichana wa kubuni aliyemfungulia akaunti, alitafuta mara moja tu jinsi ya kupunguza tumbo. Dakika ya ishirini na sita akaanza kuonyeshwa wasichana wakishindana kukaa na njaa.

"Huyo si mtoto, ni simu," wakili alisema katika kikao cha kwanza. Bi Casilda akaamuru jaribio lirudiwe mbele ya wote. Lisipotoa jibu lile lile, ripoti ya Lumbre inapita.

Dakika ya ishirini na sita inafika: mitindo ya nywele. Ya arobaini: mpira, keki, mpira tena.

"Mama, si tukanywe kahawa tu?" Barrena anauliza, tabasamu limemjaa.

"Kanywe wewe, mwanangu. Mimi niko kazini."

Anasema hivyo, lakini jasho linamtoka. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa karani wa shule mtaa wa Triana. Siku moja msichana alizimia mlangoni pake.

"Nilimnyanyua peke yangu, sikuamini wepesi ule," anasimulia. "Mama yake akaniuliza, 'Haya yalimwanzia wapi?' Sikuwa na jibu."

Mwaka uliofuata aliacha kazi, akarudi darasani kusomea upimaji wa mitandao, pamoja na vijana waliomcheka anavyobonyeza kwa kidole kimoja.

Dakika ya hamsini, anaiweka simu chini.

"Bi Casilda, naomba simu nyingine. Neno ni lile lile, ila niliandike wanavyoandikiana watoto."

"Hapana! Hilo halimo kwenye utaratibu," Barrena anaruka.

"Utaratibu unasema tupime mtoto anaona nini," mkaguzi anamjibu. "Endelea, mama."

Remedios anaandika neno lile la kupunguza tumbo, akiruka irabu. "Vikaratasi vyao vya darasani nimevisoma miaka yote ile," anasema, kama anayeomba radhi.

Wageni hawaketi. Dakika ya tano, nywele. Ya saba, dansi. Ya tisa, msichana mwenye mashavu yaliyobonyea anainua sahani tupu mbele ya kamera. "Siku ya nne, sijala," anasema, akicheka.

Bi Casilda anaandika saa. Barrena anakohoa.

"Lile neno la kwanza tulilifunga juzi," anakiri kwa sauti ndogo.

"Mlifunga neno, mwanangu. Video mmeziacha."

Lumbre imepewa siku tisini kuipima upya hatari hiyo na kurekebisha mfumo unaochagua video. Suala la faini bado halijaamuliwa. Barrena anaondoka bila kuaga.

Remedios hashangilii. Anakula mchicha na dengu palepale mezani, huku akiandika ombi la simu sita zaidi, ili ajaribu pia kwa lugha nyingine za Hispania: Kikatalani, Kibaski na Kigalisia.

Na baada ya hapo?

"Natamani kazi hii inichoshe," anasema. "Nikae hapa kutwa nzima, msichana wa miaka kumi na minne, nisione chochote cha kuandika. Nipige miayo, nifunge ofisi, niende zangu nyumbani."