Duara Juu ya Bonde la Kibuli

Niliondoka Kisumu kwa ajili ya udongo. Dani, nyanya yangu mzaa baba, alimzika mtoto wake wa kwanza Kampala, enzi babu alipokuwa mfanyakazi wa reli. Sasa uzee umemwelemea, na anataka mtoto huyo arudi nyumbani, hata kwa konzi ya udongo wa kaburi lake, kabla yeye mwenyewe hajalazwa kaburini. Kwetu Wajaluo, mtu asipopatikana huzikwa tunda la yago mahali pake. Baba alipendekeza hivyo, Dani akakataa.

"Yago ni la aliyepotea," alisema. "Mwanangu hakupotea. Mimi najua nilipomweka. Ninyi ndio hamjui."

Alichokijua ni hiki: nyumba za wafanyakazi bondeni chini ya kilima cha Kibuli, nyumba ya mwisho katika safu, nyuma yake kichuguu, na ubavuni mwa kichuguu, kaburi dogo. Bonde hilo nilikuwa nimelitazama kwenye ramani za mtandaoni, nikaona mabati yaliyobanana kama magamba ya samaki ngege. Nilikubali kwenda, lakini moyoni nilikuwa nafuata ushahidi kwamba haiwezekani, ili Dani aache kungoja.

Busia, mpakani, basi letu lilifika alfajiri. Nikiwa bado kwenye foleni ya kugonga muhuri upande wa Kenya, nukta ya buluu inayoonyesha nilipo kwenye ramani ya simu yangu ilikuwa tayari imeingia Uganda. Nikacheka peke yangu. Chombo kisichojua niko nchi gani ndicho kitakachonionyesha kaburi la mtoto mchanga?

Kabalagala, mtaa wa Kampala, mchana. Baa zilikuwa zikifagiliwa, na harufu ya rolex, zile chapati za mayai, ilipanda hadi chumba cha ghorofani ambako Nakato alinipokea. Tulisoma pamoja chuoni. Siku hizi yuko na kikundi cha vijana wanaochora ramani ya wazi, ambayo mtu yeyote anaweza kuichangia na yeyote kuitumia. Kiswahili chake alikiokota katika soko la Kikuubo, dukani kwa mamake, akiwauzia Wakenya vitenge.

Alikuwa amepata picha ya bonde iliyopigwa kutoka kwenye ndege kabla hatujazaliwa, akaitandaza juu ya picha ya leo ya setilaiti, ndani ya ukurasa wa kawaida wa mtandao. Nilianza kumhoji: ndege ilikuwa imeinama kiasi gani? Nani alihakiki?

"Ssebo, wewe unauliza kama polisi," alisema, akiniita bwana kwa Kiganda. "Kaa kwanza."

Akatelezesha kidole, na mji ukayeyuka. Mabati yalififia, barabara zikakonda, na chini yake likachomoza bonde la mafunjo na vijia vyeupe. Pembeni ya reli palikuwa na safu ya nyumba ndogo, kama njiti za kiberiti zilizopangwa na mtoto. Sikuwa na swali. Katika mojawapo ya nyumba zile, pengine saa ile ile ndege ilipopita, Dani alikuwa akipika.

Maswali yalirudi upesi. Tulipoweka alama nyuma ya nyumba ya mwisho na kurudisha picha ya leo, kaburi liliangukia katikati ya lami, magari yakilipita. Nilikuwa nimepata ushahidi niliouendea, na haukunifurahisha hata kidogo. Nikamuuliza Nakato picha hizo mbili alizishikanisha kwa kitu gani. Akajibu kwamba ni kwa makutano ya barabara. Na barabara ilipopanuliwa, je, makutano hayakuhama?

Alinitazama, kisha akang'oa alama zote. "Basi hiyo balabala tunaacha. Wewe usiamini mimi, amini leli."

Tukaanza upya kwa reli na daraja lake dogo, vitu ambavyo havijasogea tangu enzi za babu. Safu ya nyumba ikateleza polepole hadi ikatulia upande wa pili wa lami. Nyuma ya nyumba ya mwisho palikuwa na doa lenye kivuli, kama kichuguu. Nilisema huenda ni mti. Nakato akakubali, huenda ni mti. Halafu akachora duara kulizunguka, akasema: humu ndani ndimo, wapi hasa sijui. Akautuma ukurasa ule Kisumu kwa kiungo, ufunguke kwenye simu ya shangazi anayekaa na Dani.

Kibuli, asubuhi iliyofuata. Duara lilikuwa ua wa Mama Akello, mke wa askari kutoka kaskazini. Aliposikia tunazungumzia ramani, alisimama mlangoni.

"Watu ya kupima nikiona, kesho tingatinga inakuja," alisema. "Nyinyi nataka nini kwa nyumba yangu?"

Nikamweleza kwa Kijaluo. Lugha yake na yetu ni ndugu, na neno letu la kaburi ni lake pia. Akaenda kuleta jembe.

Lakini nichimbe wapi? Nilimpigia Dani kwa video, nikamwambia ukweli: mahali penyewe hapajulikani, kuna duara tu.

"Duara hilo lina ukubwa gani?"

"Kama ua wetu, Dani."

"Basi mwanangu yuko uani kwake. Nani amekutuma uchimbe kaburi, nyakwara, mjukuu wangu? Chota udongo wa ua."

Mama Akello ndiye aliyeuchota, katikati ya mboga zake za dodo, akaufunga katika kitambaa safi.

Kisumu, jioni. Nilikuwa nikiamini kwamba ramani ya kuaminika ni ile isiyokosea. Hii ya Nakato iliniambia wazi kosa lake linaweza kufika wapi, nami sijawahi kupata jibu la uaminifu zaidi kutoka kwa mtu wala mashine. Nilimkabidhi Dani kitambaa. Akakipakata, akaomba simu, akatazama lile bonde la zamani. Kisha akaweka dole gumba juu ya duara, nalo likalifunika lote, na mtoto wake popote alipo humo.