Moto wa Rozalia Ulioachwa Wodi ya Pili

Saa moja kasoro robo asubuhi, ukungu wa Iringa bado umelalia paa za hospitali, na Anyelwisye Mwaisaka amekwisha kukaa kwenye kiti chake. Chumba chake zamani kilikuwa stoo ya mashuka, na harufu ya sabuni haijakubali kuhama. Mbele yake kuna skrini, na kwenye skrini kuna orodha ya majina ya watu.

"Hapa haingii mtu, hatoki mtu, nisijue," anasema, kidole kikigonga kioo. "Daktari akipiga chafya kwenye kompyuta ya wodini, mimi huku namwambia afya."

Jina la nne kwenye orodha ni la Dokta Marcelino. Orodha inadai yuko Wodi ya Pili, kazini, tangu jana saa tisa mchana. Anyelwisye anaweka kikombe cha chai chini taratibu. Dokta Marcelino yuko Mbeya, kwenye harusi ya mdogo wake. Ameondoka jana jioni, na hospitali nzima imeziona picha zake akiwa na suti ya rangi ya ugoro.

"Huyu naye," Anyelwisye anasema, na anacheka lile cheko la mtu aliyekanyaga maji akiwa na soksi.

Hamtoi papo hapo. Anainua simu, anaulizia wodini kama kuna mtu yeyote amekaa kwenye ile kompyuta. Anaambiwa hakuna. Hapo ndipo anabonyeza, na Dokta Marcelino, bila kujua huko aliko, anatoka kazini. Tabia hiyo ya kupiga simu kwanza aliianza baada ya kumtoa tabibu aliyekuwa katikati ya kuandika rufaa ya mgonjwa. Maandishi yote yalipotea, na tabibu akaja mpaka mlangoni akiwa ameshika kiatu.

Anyelwisye ana miaka thelathini na minne. Ni mzaliwa wa Tukuyu, alisomea kompyuta Mbeya mjini, na huu ni mwaka wake wa sita katika hospitali hii ya misheni nje kidogo ya mji wa Iringa. Uongozi umeomba jina la hospitali lisitajwe, na ukiisoma habari hii hadi mwisho hutawalaumu.

Hospitali ina mashine moja kubwa, seva, iliyofungiwa kwenye kona ya chumba hiki. Skrini ishirini na nane za wodini, maabara, duka la dawa na mapokezi zote zinafanya kazi ndani ya mashine hiyo moja. Watumishi mia moja sitini na watatu wanaingia humo, kila mtu kwa jina lake na paswedi yake.

"Chukulia ni nyumba moja yenye vyumba mia moja sitini na vitatu," anaeleza. "Kila mtu aingie chumbani kwake, akimaliza atoke, afunge. Kazi yangu ni hiyo tu. Na hiyo tu ndiyo inanizeesha."

Kinachomzeesha ni huko kufunga. Wataalamu wana jina lao kwa ule muda kati ya mtu kuingia na kutoka. Wauguzi wa hapa wana lao: wanauita moto.

Anayejua jina hilo lilikotoka ni Rozalia Kihwele, muuguzi wa miaka ishirini na miwili kazini, mwanamke mfupi anayeongea polepole kama anayehesabu matone ya dripu.

"Kwetu Kilolo, mama akimaliza kupika haumwagii moto maji," anasema. "Anaufunika na majivu, jirani akija asubuhi apate kaa la kuanzia. Ukiuzima na unajua mwenzio anakuja, unaonekana una roho mbaya."

Basi desturi ya jikoni ikaingia wodini. Miaka ile kompyuta zilikuwa nzito, na kuingia asubuhi kulichukua karibu dakika nne. Muuguzi anayetoka zamu alimwambia anayeingia, "Nimekuachia moto," akavaa sweta lake, akaondoka. Mwenzake alikaa, akakuta ukurasa uko wazi, akaendelea kuandika. Jina lililobaki juu ya ukurasa lilikuwa la yule aliyekwisha fika nyumbani, na hakuna aliyeliona hilo kuwa kosa. Ulikuwa ni wema.

Wema huo ndio uliomuunguza Rozalia.

Ilikuwa mwezi wa Juni, miaka miwili iliyopita. Wodi ya Pili walilazwa wazee wawili wa kisukari, vitanda jirani. Ijumaa, saa moja na dakika arobaini na saba asubuhi, mtu alichukua kipimo cha sukari cha mzee mmoja akakiandika kwenye ukurasa wa mwenzake, Mzee Abrahamu Ngimba. Ukurasa ukasema sukari ya Mzee Abrahamu imepanda sana. Akachomwa insulini ambayo hakuihitaji. Haijafika saa tatu, mzee alikuwa amezimia.

Madaktari walimrudisha. Lakini ubongo ulikuwa umekaa na njaa muda mrefu, na mzee aliyekuwa msemaji wa kwaya ya kanisa lake aliamka akiwa anatafuta kila neno kwa zamu.

Kamati iliketi. Anyelwisye aliitwa alete ushahidi, akaleta karatasi moja yenye mstari mmoja: tarehe, saa, ukurasa wa mgonjwa, na jina la aliyeandika. Jina lilikuwa Rozalia Kihwele.

Mwenyekiti aliuliza kama kuna uwezekano wa makosa. Anyelwisye analikumbuka jibu lake mpaka na koma zake.

"Nilisema mfumo haudanganyi, mwenyekiti, jina likitokea hapa ni la mtu aliyekuwa kwenye kiti," anasema. "Nilikuwa nimevaa tai."

Rozalia alieleza kwamba saa hiyo alikuwa Nyololo, kwenye msiba wa shangazi yake, anamenya viazi na kina mama wa jumuiya. Alikuwa ameondoka hospitali Alhamisi saa nane mchana, zamu yake ilipoisha. Kamati ilimsikiliza kwa heshima. Kisha mjumbe mmoja akamwambia kwamba mashahidi wake wote ni ndugu na majirani, na mfumo si ndugu wa mtu.

Akaambiwa akakae nyumbani. Shauri likithibitika, leseni yake ya uuguzi ingeondoka.

Alikaa siku arobaini na moja. Anazihesabu kwa jambo moja tu. "Watoto wa mtaani kwetu walikuwa wanaletwa kwangu wakichemka," anasema. "Nawaangalia, nawaambia mama zao wakimbilie hospitali au wasubiri. Wakaacha kuletwa. Mama anapita hapo mbele na mtoto mgongoni, ananisalimia kamwene, anapita."

Siku ya thelathini na tatu alipanda mpaka kwenye ile stoo ya mashuka. Anyelwisye alimkaribisha kiti, hakukaa. Hakulia wala hakugomba. Alisimama mlangoni na mkoba wake akasema neno moja ambalo kijana yule, pamoja na diploma yake, hakuwa amelifikiria.

"Mdogo wangu, mlitazama nilipoingia. Hebu tazama nilipotoka."

Anyelwisye alifungua kitabu cha mashine, kile kinachoandika kila anayeingia na kila anayetoka. Alhamisi, saa moja na dakika tano asubuhi: Rozalia ameingia. Akashuka mstari kwa mstari, mchana, jioni, usiku mzima. Rozalia hakuwa ametoka. Moto wake uliwaka mpaka Ijumaa saa sita mchana, mtu alipoizima ile kompyuta kwa sababu ilikuwa imekwama.

Saa ishirini na tisa kasoro dakika tano.

"Hakuna nesi duniani anayekaa kwenye kiti kimoja saa ishirini na tisa bila hata kwenda chooni," anasema Anyelwisye. Safari hii hacheki. "Karatasi yangu ilikuwa sahihi. Mwongo nilikuwa mimi niliyeisoma."

Akachapisha kurasa zote za saa hizo, akazitandika sakafuni. Alhamisi asubuhi, mwandishi aliandika neno mgonjwa lote kwa ukamilifu, kama Rozalia afanyavyo tangu alipoajiriwa. Kuanzia jioni, mgonjwa aligeuka kuwa "mgj". Ijumaa asubuhi, kila kitu kiliandikwa kwa herufi kubwa, na ukurasa wa Mzee Abrahamu ulikuwa miongoni mwa kurasa hizo. Jina moja, mikono mitatu.

Mkono wa tatu haujajulikana hadi leo. Wodi ile ina watu watano wanaoandika kwa herufi kubwa, na wote watano waliapa.

Anyelwisye aliandika barua ya kurasa mbili kwa kamati. Siku nane baadaye Rozalia alirudishwa kazini. Hakuna aliyemwomba radhi kwa maandishi. Anyelwisye alimwomba kwa mdomo, kwenye korido, na Rozalia akamjibu kwamba watu wa Tukuyu wana maneno mengi, amsaidie tu kubadilisha paswedi.

Anyelwisye alikwenda pia kwa Mzee Abrahamu. Mzee alikuwa amekaa juani na blanketi, akamuuliza kama yeye ni daktari. Akajibu hapana, ni mtu wa kompyuta. Mzee alilitafuta neno lake kwa muda mrefu, mwanawe akiwa tayari kumsaidia, naye akimkatalia kwa mkono. Mwishowe akalipata: aliuliza hiyo kompyuta inaumwa nini.



Siku hizi skrini za hospitali hujifunga zenyewe zisipoguswa kwa dakika tano. Jina la mtu hubaki ndani, lakini hakuna mwingine awezaye kuandika kwalo. Na kila zamu zinapobadilishana, Anyelwisye hupita wodi hadi wodi akiulizia nani kaacha moto. Wauguzi vijana wamempa jina la Zimamoto, na mmoja humwigizia king'ora akitokea kwenye korido.

Si wote wanaocheka. Wodi ya wazazi, mkunga Esnath Mgaya alimfukuza siku ya kwanza tu ya dakika tano.

"Mama anavuja damu, mikono yangu miwili ina damu, nataka kuona kundi lake la damu," anasema Esnath, "na mashine inaniuliza mimi ni nani."

Anyelwisye alirudi kwenye mashine yake. Wodi ile akaipa dakika kumi na tano, na anakiri kwamba kila dakika kati ya hizo inamnyima raha.

Ndiyo maana ana mpango. Anataka kila mtumishi avae kadi shingoni, aisogeze karibu na kompyuta na kuingia bila kugusa kitu, akiondoka na kadi yake skrini ijifunge. "Mtu atembee na moto wake," anasema. Amekwisha jaribu kadi tatu, na moja imekubali. Vilevile kituo cha afya kimoja huko Makongolosi kimemwomba akawafundishe kabla hawajausimika mfumo wao, na amejiandalia somo. Ukurasa wa kwanza una swali moja tu: ametoka saa ngapi?

Limebaki jambo moja dogo. Anaulizwa kwa nini, kabla ya Juni ile, skrini hazikuwa zikijifunga.

"Tuliukuta hivyo," anajibu haraka. "Waliousimika mfumo ndiyo waliuacha hivyo. Ulikuja bila kujifunga."

"Anye."

Sauti inatoka mlangoni. Ni Rozalia, amekuja kubadilisha paswedi yake, kama inavyotakiwa kila baada ya miezi mitatu. Haijulikani amesimama hapo tangu saa ngapi.

"Ulikuja unajifunga," anasema. "Ukazimwa. Watu walikuwa wanakupigia simu kutwa nzima wamesahau paswedi."

Anyelwisye anageuka kwenye kitabu cha mashine, pengine kwa mazoea tu. Anashusha mstari kwa mstari hadi mwaka wake wa kwanza hapa, mwezi wa Machi. Upo. Kujifunga kumeondolewa, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, na jina la aliyeondoa ni la kwake.

"Inawezekana mtu aliukuta moto wangu," anasema.

Anaisikia sentensi yake mwenyewe ikiwa imekwisha toka.

"Mtu gani?" Rozalia anauliza, polepole vilevile. "Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya hicho kiti, nimekuletea chai. Ukabonyeza, ukaniambia, dada, leo nimewamaliza kelele. Tukacheka wote."

 Nje mtu anaburuta toroli la mashuka.

Anyelwisye anamuuliza kwa nini hakusema mbele ya kamati. Siku arobaini na moja, leseni mkononi mwa watu, na neno hilo alikuwa nalo.

"Ningesema, ungefukuzwa siku hiyohiyo," anasema Rozalia. "Nani mwingine hapa anajua kukisoma hicho kitabu? Nani angeniangalizia nilipotoka?"

Anafungua mkoba, anatoa miwani, anavuta kiti. Safari hii anakaa.

"Haya, sogea nibadilishe," anasema, na wanapoitazama skrini wote wawili, dakika tano zimekwisha pita. Imejifunga, na inamuuliza Anyelwisye yeye ni nani.