Kompyuta Tuliyoiombea Ifufuke

Jambo hili lilinipata mbele ya kanisa zima, korali yote na wageni waliotoka Mbarara, kwa hiyo hakuna faida ya kulificha. Afadhali mlisikie kutoka kwangu kuliko kwa mke wangu, ambaye akilisimulia huwa anasimama na kuigiza.

Miaka ile nilikuwa na kompyuta niliyoiunganisha kwa mikono yangu hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi ya wilaya ya Isingiro. Namshukuru Mungu, kasha lake nilipewa na sista mmoja wa Nyamitanga aliyetaka kulitupa, na vilivyobaki nilivinunua kimoja kimoja Mbarara kwa Hajji, muuzaji wa vifaa vilivyotumika, hata kadi ya picha alinitafutia ili video za harusi zisikwamekwame. Ndani ya mashine hiyo mlikuwa na kitu cha thamani kuliko mashine yenyewe, nacho ni sauti ya marehemu Byaombe, mwalimu wa korali yetu, akiimba peke yake siku niliyokuwa nawarekodi. Hapakuwa na nakala nyingine popote. Mjane wake, Mama Byaombe, aliniomba niipige siku ya kumaliza matanga, kwa sababu kitinda mimba wao alikuwa bado ananyonya baba yake alipofariki na hakuwahi kuijua sauti yake. Nikamwahidi.

Sasa, mzee mwenye akili angeinakili sauti ile kwenye flashi na kwenda kulala. Mimi niliona kompyuta inachelewa kuamka, nikaogopa kwamba siku yenyewe watu watakaa wanakodolea macho skrini tupu, nikasoma kwenye mtandao pale Mbarara, dukani kwa Hajji, kwamba ile programu ndogo inayokaa ndani ya ubao mkuu, ile inayoiamsha mashine kabla ya kitu kingine chochote, imetolewa mpya na inaamsha haraka zaidi, basi nikaipakua. Hajji akanitazama.

"Mzee, kompyuta iko natembea?"

Nikasema inatembea, yaani inafanya kazi.

"Sasa wewe natafuta nini?"

Flashi ilikuwa tayari mfukoni.

Ijumaa, siku moja kabla ya matanga, nikaiweka ile programu mpya. Mstari wa skrini unaoonyesha kazi inavyokwenda ulijaa mpaka mwisho bila tatizo (nikamsifu Mungu mapema mno), mashine ikajizima, ikawaka tena, feni inazunguka, taa ya kijani inawaka, na skrini nyeusi kama sufuria ya kuni. Nikazima, nikawasha. Nikachomoa vibao vya kumbukumbu, nikavisugua kwa kifutio cha shule, nikavirudisha. Nikatoa betri ile ndogo kama ya saa, nikaipuliza, nikairudisha (kwa nini niliipuliza, mpaka leo sijui). Nyeusi. Nikampigia Hajji simu, akaniuliza kama feni inazunguka, akasema basi haijafa, nimpelekee Jumatatu aitazame kwa macho. Matanga yalikuwa Jumamosi.

Asubuhi nikaifunga katika blanketi nikaibeba nyuma ya baiskeli kwenda nayo kanisani, nikitumaini kwamba labda huko, kwenye jenereta yenye nguvu, itajirudi. Njiani mama mmoja akaniuliza mtoto wa nani anaumwa, nikajibu ni wa kanisa, akanipa pole.

Nikaichomeka kwenye jenereta na kwenye spika kubwa. Nyeusi vilevile. Nikamwendea mchungaji pembeni, nikamnong'oneza shida yangu kama ndugu kwa ndugu, naye akachukua kipaza sauti na kuwatangazia watu wote kwamba kompyuta ya Papa Mapenzi imekufa na sauti ya marehemu imo ndani, kwa hiyo tusimame tuombe. Mama Byaombe alikuwa ameketi mbele na mtoto mapajani. Alinitazama tu, na mimi nikatamani ardhi ya Isingiro inimeze na blanketi langu.

Basi tukaomba. Nikaweka Biblia yangu kubwa juu ya kibodi, nikaweka mikono juu ya Biblia, na kwa imani nikaikandamiza kwa nguvu zangu zote. Mchungaji akaomba kwa Kiswahili, mzee mwingine akaomba kwa Kibembe, na tulipofika kwenye amina spika zikakohoa.

Watu wakapiga vigelegele. Mwanakorali mmoja akapiga magoti. Lakini sauti iliyotoka haikuwa ya Byaombe, ilikuwa yangu. Nilisahau kabisa kwamba wiki ile nilijirekodi nyumbani nikijifunza hotuba ya matanga, na kwamba niliipanga mashine ianze kupiga yenyewe ikiamka, kwa kuanzia na kilichorekodiwa mwisho.

"Wapendwa, Byaombe alikuwa nguzo," nikasema kutoka kwenye spika, kisha taratibu zaidi: "Hapa ninyamaze kidogo, batu balie. Hapa nitoe leso. Leso mkono wa kushoto, karatasi mkono wa kuume."

Kisha sauti ya mke wangu: "Papa Mapenzi, chakula inapoa."

"Ngoja kwanza, mama, bado sijalia."

Leso yenyewe nilikuwa nayo, mkono wa kushoto.

Niliirukia ile mashine, lakini skrini ilikuwa bado nyeusi, sikuona pa kuisimamisha. (Jumatatu Hajji alinieleza kwamba haikuwa imekufa hata dakika moja, baada ya kubadilishiwa programu ilikuwa inatoa picha kwenye tundu lingine la nyuma, huko ikiomba mtu abonyeze kitufe iendelee, na Biblia yangu ikabonyeza.) Kilichobaki ni kuchomoa waya wa umeme. Nikaushika. Halafu nikafikiri, nikiizima sasa, nani ataiamsha tena, na Byaombe yumo humo ndani, zamu yake nyuma ya yangu. Nikasimama hivyo na waya mkononi, huku mimi mwingine nikiendelea kwenye spika kujaribu kilio cha chini na kilio cha juu ili kuchagua.

Ndipo nikasikia kicheko, na alikuwa ni Mama Byaombe. Alikuwa anacheka amejifunika kitenge usoni, mabega yanatikisika, na watu waliokuwa wanajizuia kwa heshima yake wakaachia wote pamoja, mchungaji naye.

"Usiizime, Papa Mapenzi," akasema. "Acha imalize yote."

Nikauachia waya. Hotuba yangu ikaenda mpaka mwisho, na mwisho wake ulikuwa mrefu. Kisha Byaombe akakohoa, akawaambia sauti ya pili wasikilize vizuri, akaimba. Kicheko kikafa kote. Mtoto akageuka kutafuta mtu anayeimba, mama yake akamwonyesha spika.

"Ni baba yako ule."

Hapo batu walilia bila mimi kuwaelekeza.

Nilipomletea nakala kwenye flashi, Mama Byaombe aliniuliza kama na ile nyingine imo, ile ya leso, nikamwambia nimeifuta, akasema nimefanya vibaya. Tangu hapo mashine inayotembea siigusi, ichelewe inavyotaka. Na nikiwa na hotuba ya kujifunza, naichukua baiskeli mpaka upande wa Endiinzi, nasimama mbele ya ng'ombe wa watu, nasema yote mpaka mwisho. Wananisikiliza vizuri, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulia.