Bomba Lililoishia Kitovuni

Jirani yangu wa gereji hapa Garsen ametutoka wiki hii baada ya kuugua, na tumeshamzika. Habari ilinikuta chini ya pikipiki, spana mkononi. Nikasema "Innalillahi" kama inavyopasa, lakini kabla sijasimama moyo ulikuwa umeshaniuliza: wateja wake sasa wataenda kwa nani? Mungu anisamehe. Ninyi mnaonisoma kila wiki mnajua kuwa mimi ni fundi kwanza, mwandishi baadaye. Msichojua ni kwamba mtu huyu nilimwonea wivu miaka na miaka, hadi chai ilikuwa hainishuki nikimsikia anacheka na wateja ng'ambo ya barabara.

Mimi nina cheti cha chuo, nimekitundika ukutani. Yeye hakuwa na cheti wala ukuta wa kukitundika. Alikuwa na mabati juu ya miti minne. Sasa mto ukifurika na kule Minjila kukawa maji matupu, pikipiki zetu zilikuwa zikifa njiani, kwa sababu injini huvuta hewa kutoka chini ya kiti, na ikimeza maji imekwisha. Yeye akachukua bomba la plastiki, akaliunga kwenye boksi la filta, kiungo akakikaza kwa mpira wa tyubu, akalipandisha mbele mpaka usawa wa kitovu cha dereva, mdomo akauinamisha na kuufunga kitambaa chepesi. Basi! Kitu chepesi hivyo, na mimi mwenye cheti sikukiwaza. Waendesha boda wote wakahamia kwake. Niliumia, jamani.

Nikamwibia. Mteja wake mmoja alikuja kukazwa breki, nikalipima lile bomba kwa siri, kisha nikatengeneza langu. Ila sikukubali lifanane na lake. Langu nililipandisha hadi likapita kichwa cha dereva. Wa kwanza kufungiwa alikuwa mchukuzi wa maziwa, mtu mzima mwenye watoto watano. Nikamwambia kwa sauti ili jirani asikie, "Hili maji hayalifikii kabisa!" Jirani akavuka barabara, akalitazama, akasema polepole, "Ndugu yangu, la kwangu huliishiliza kitovuni makusudi. Maji yakifika hapo, afadhali injini ife, mtu arudi. Hili lako litampeleka mbele." Nikamjibu, "Wivu huo!" Mimi huyo, eti namwambia yeye ana wivu.

Wiki ileile mchukuzi wa maziwa aliingia maji ya kifua, injini ikinguruma bila wasiwasi, na mkondo ukamzoa yeye, pikipiki na madumu ya maziwa. Jirani yangu alikuwa akipita njia hiyohiyo. Ndiye aliyejitosa akamkamata ukosi wa shati na kumtoa. Nilikaa nikingoja anitangaze sokoni. Hakunitangaza; alipoulizwa alisema mkondo ulikuwa mkali. Mnadhani nilishukuru? Wapi! Nilichukia zaidi, kwamba hata kwa wema amenishinda. Nikawa nakata mabomba yangu yafupike, kimyakimya, na salamu yake naiitikia nusu.

Juzi tulipotoka makaburini nilimvuta mchukuzi wa maziwa kando. Nikamwambia, "Siku ile ni bomba langu lililokuponza. Nisamehe."

Akanitazama kama mtu anayeambiwa habari za zamani. "Fundi, hiyo sisi sote tunaijua, bomba tuliliona wenyewe. Marehemu alituambia, atakayekucheka asilete pikipiki kwake tena. Akasema wewe ni fundi mzuri, utajirekebisha mwenyewe."

Nilikosa pa kuuweka uso wangu. Kumbe miaka yote ile nilipodhani siri yangu iko salama kwa sababu mimi ni mjanja, nilikuwa nimefunikwa shuka na mtu nisiyempenda. Msomaji wangu, ukiwa na jirani anayekuzidi, vuka barabara leo ukamwulize anafanyaje. Ni hatua chache tu, na atakueleza. Wangu alikuja kunieleza mwenyewe na nikamfukuza. Mimi bado namwonea wivu, tena kuliko alipokuwa hai. Nikifa kesho, katika Garsen nzima hakuna hata mmoja atakayesema nilimsitiri.