Namba Kumi na Nane Ndani ya Pete

Mimi ni muoga, na sioni sababu ya kuficha. Ninafua pete na hereni hapa Nyamianda, katika kibanda cha mbao, na hakuna kitu ninachokiogopa kama ile chupa ndogo ya asidi ya mkaguzi wa madini. Sheria haina utani na sisi: fundi akigonga namba ya karati, kipimo cha usafi wa dhahabu, kwenye kitu kisichofikia kiwango hicho, ni mghushi, na mghushi analala ndani.

Asubuhi ile mkaguzi alikuwa amepekua meza yangu yote na hakuona kosa. Alipokuwa anafunga mkoba wake, akaingia mama mmoja mjane, anavuta pete kidoleni kwa taabu.

“Fundi, inanibana. Unipanulie.”

Mkaguzi akaiomba, akaigeuza kwenye mwanga. Ndani kuna namba: 18.

Niliitambua palepale. Marehemu mumewe aliniagiza niifue kwa shaba, niipake dhahabu juu, nigonge tarehe ya harusi yao ndani. Maharusi wengi huku wanapenda hivyo. Mwezi na mwaka havikuenea, nikagonga siku peke yake. Mjinga mimi, sikuwaza kabisa kwamba namba hiyohiyo ndiyo ya karati!

Mkaguzi akaikwaruza, akadondosha asidi. Povu la kijani likachemka. Mama akalikodolea macho.

“Ni weye ulipiga hii namba?” mkaguzi akaniuliza.

“Ndiyo, shefu. Lakini haiko karati. Bwana yake aliniomba shaba, na hii iko tarehe ya ndoa yao.”

Akacheka. “Kila fundi iko na hadisi yake. Mama, mulioana tarehe ngapi?”

Niliona pingu, nikaona watoto wangu wakiniletea ugali gerezani. Mama alikawia kujibu, macho yake bado kwenye lile povu, na kukawia kule kulikuwa kunaniua.

“Tarehe kumi na nane,” akasema.

Mkaguzi akanikaripia, akaniamuru niifute namba kwa tupa mbele ya macho yake, kisha akaondoka.

“Tulipanga kumi na nane, lakini haikukuwa kumi na nane,” mama akaniambia. “Mvua ilikata barabara, padiri akakwama Luvungi. Tulioana kisha siku tatu kupita.”

Nikaanza kumshukuru. Hakutaka shukrani.

“Alikuambia nini, siku alikuomba shaba?”

Nikamwambia mumewe aliona haya sana, akaahidi kwamba akipata dhahabu ataniletea nimfanyie nyingine. Mama akaitikia kwa kichwa, akajifuta macho kwa upindo wa kitenge.

Mumewe hakuahidi kitu. Alicheka tu, akaniomba niisugue vizuri ing'ae.